Kijiti ni Nusu ya Mchezo

Mashine ya Pac-Man iliyotoka mwaka 1980 haikuwa na kitufe cha kupigia wala cha kurukia. Ilikuwa na vitufe vya kuanzia tu, na kijiti kimoja chenye njia nne: juu, chini, kushoto na kulia. Toru Iwatani na wenzake wa kampuni ya Namco waliuweka mchezo wote kwenye kijiti hicho. Mchezaji anayejua kazi yake hasubiri kufika konani ndipo ageuze. Anakilaza kijiti upande anaoutaka mapema kidogo, na lile duara la njano huikata kona kwa kasi, ilhali vizuka vinavyolifukuza haviwezi kuikata hivyo. Kila kona iliyokatwa vizuri inampa mwanya mdogo, na mianya hiyo ikikusanyika ndiyo inayomwokoa.

Naanza na hilo kwa sababu mtu anayetaka kucheza michezo ya zamani kwenye kompyuta, kwa kijiti na vitufe vya kweli, huambiwa kwamba kazi yenyewe ni kugawa namba: kitufe hiki namba moja, kile namba mbili, juu iwe juu, basi. Mjomba wangu ndiye aliyenionyesha kwamba hapo kazi haijaisha.

Mjomba alifanya kazi Dubai tangu ujana wake. Siku za mapumziko yeye na wenzake walikwenda kwenye kumbi za mashine za sarafu. Alianza na Pac-Man na Donkey Kong, baadaye Street Fighter II ikamteka kama ilivyowateka vijana wa dunia nzima. Aliporudi Tanga moja kwa moja, ndani ya mizigo yake mlikuwa na vijiti viwili, mfuko wa vitufe vya rangi, bodi mbili ndogo za USB za kuunganishia vitufe na kompyuta, na kikompyuta cha Raspberry Pi. Akanikabidhi vyote. "Mjomba, wewe si ndiye fundi?" Mimi natengeneza redio na amplifaya. Kijiti cha gemu nilikuwa sijawahi kukifungua, na nilifurahi kupita kiasi.

Seremala wa mtaani alituundia sanduku la plaiwudi la kuweka mezani. Matundu ya vitufe vya kuchezea ni ya milimita 30, na ya vitufe vya sarafu na kuanzia ni milimita 24. Mjomba alisimamia jambo moja kwa ukali: kijiti kisikae ukingoni. Kiganja lazima kipate mahali pa kutua, la sivyo mkono unaning'inia na kuchoka mapema. Alikaa kwenye kiti mbele ya plaiwudi tupu, akafumba macho, akaweka mikono pale ilipotaka kukaa yenyewe, nami nikapiga mstari kwa penseli kuizunguka. Hakuna kipimo kingine tulichotumia kupanga vitufe, na mpaka leo sijaona haja ya kuvihamisha.

Ukikigeuza kijiti ukakitazama kwa chini, utaona swichi nne ndogo zimeuzunguka mhimili wa chuma. Mhimili umeegemea katikati, kwa hiyo unafanya kazi kama kasia: mpini ukienda mbele, bapa linarudi nyuma. Maana yake swichi ya juu ni ile iliyo upande wa tumbo lako, na ya kushoto iko kulia. Anayefuata macho atafunga waya kinyume. Njia salama ni kukisukuma kijiti juu, kusikiliza swichi gani imelia tik, kisha kuiandika herufi kwa kalamu ya wino mzito.

Swichi yenyewe ina miguu mitatu iliyoandikwa COM, NO na NC. COM ni mguu wa pamoja, na huo unapata waya wa ardhi. NO umeachana na COM mpaka ubonyeze. NC ni kinyume chake: umegusana wakati wote, na ukibonyeza ndipo unaachia. Waya ukiingia NC, kompyuta itaamini kitufe kimebonyezwa usiku na mchana, na mtu wako kwenye kioo atakimbilia ukutani bila kuguswa. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka bodi yoyote nilichukua mita, nikaiweka kwenye mlio, nikapita swichi moja baada ya nyingine. Bonyeza, ilie. Achia, inyamaze. Swichi iliyochoka inajitambulisha hapo hapo: mlio wake unakatikakatika kidole kikiwa bado kimekandamiza.

Waya wa ardhi unapita kwenye COM zote kama mnyororo, kutoka kitufe hadi kitufe. Hilo ni muhimu kulijua siku ya matatizo. Kitufe kimoja kikifa peke yake, tazama mguu wake wa NO. Vikifa vitatu vinavyofuatana, usihangaike navyo kimoja kimoja. Mnyororo umekatika mahali fulani kabla ya kile cha kwanza.

Utaratibu huo wa kuanzia chini niliurithi kwa fundi aliyenifundisha redio, na kwenye kijiti umenifaa kuliko mahali pengine popote. Tatizo la "kitufe hakifanyi kazi" linaweza kuwa kwenye swichi, kwenye waya, kwenye bodi, kwenye mfumo wa kompyuta, kwenye emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani), au kwenye mchezo wenyewe. Dalili ni ile ile moja. Anayeanzia juu, kwa kubadilisha mipangilio ya emuleta, anaweza kupoteza jioni nzima akirekebisha programu isiyo na kosa, na akishaivuruga anakuwa na matatizo mawili.

Bodi ilipounganishwa nilifungua programu ndogo ya Linux iitwayo jstest na kuielekeza kwenye /dev/input/js0. Ni ukurasa mkavu wa namba, lakini unasema kweli. Kijiti kikiwa katikati unaona sifuri. Ukikilaza kushoto namba inaruka hadi -32767, kulia 32767. Hakuna namba ya kati, kwa sababu kijiti cha swichi hakijui nusu. Hapo ndipo kinapotofautiana na pedi za siku hizi, ambazo kijiti chake cha dole gumba kinapima umbali na kinahitaji uiambie kompyuta ipuuze mitikisiko midogo ya katikati.

Baada ya hapo zinaingia tabaka za programu, na hapa watu wengi hupotea. Emuleta mashuhuri ya mashine za sarafu ni MAME, iliyoanzishwa na Nicola Salmoria wa Italia mwaka 1997, na ina njia yake ya kupanga vitufe. Lakini kwenye Raspberry Pi wengi tunatumia RetroPie, ambayo ndani yake RetroArch ndiyo inayoendesha emuleta nyingi. RetroArch inaichukulia kila joistiki kama pedi moja ya kufikirika yenye vitufe vya B, A, Y, X, L na R, mtindo wa pedi ya Super Nintendo. Sanduku letu halina A wala B, lina vitufe vyekundu na vya bluu. Kitufe kimoja kinapewa jina la kwanza na bodi, jina la pili na RetroArch, na cheo cha mwisho na emuleta, iwe "ngumi nyepesi" au "ruka". Nilichora ramani kwenye karatasi: safu ya juu Y, X, L; safu ya chini B, A, R. Nikaibandika ndani ya sanduku. Karatasi hiyo imenisaidia kuliko maelekezo yote niliyosoma.

Basi, mita ilikubali, jstest ilikubali, RetroPie ilikubali. Nikamwita Mjomba. Pac-Man ikafunguka, akacheza kidogo, akakiachia kijiti.

"Mjomba, hii siyo."

Nikamuuliza siyo vipi. Hakuweza kusema. "Mkono unakataa," akanijibu, akacheza tena, na kweli nikaliona duara la njano likipitiliza kona ambayo alishaigeuzia. Nikamwonyesha namba kwenye jstest, pande zote nne ziko sawa. Akazitazama kwa adabu. Hazikumhusu.

Nikaacha kutazama kioo, nikautazama mkono wake. Alipotoka kulia kwenda juu hakukirudisha kijiti katikati kwanza. Alikitelezesha moja kwa moja, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo mara elfu. Chini ya kijiti chetu kulikuwa na bamba la plastiki lenye tundu la mraba, ambalo ndilo linaloamua mhimili ufike wapi. Mraba una kona. Kila alipotelezesha, mhimili uliingia konani na kukandamiza swichi mbili kwa pamoja, ya kulia na ya juu. Pac-Man haina mshazari. Emuleta ilipokea amri mbili ilhali mchezo unaelewa moja. MAME inajua kwamba huu ni mchezo wa njia nne na huchagua amri moja kati ya hizo mbili, lakini uchaguzi huo ni wa programu. Mkono wa Mjomba ulikuwa umefunzwa na kijiti kilichozuiwa na chuma chenyewe kisiingie konani kamwe.

Bamba letu lilikuwa la kugeuzwa. Nikafungua skrubu, nikalizungusha nyuzi 45, mraba ukasimama kwa ncha kama almasi. Sasa kona nne za tundu zilielekea juu, chini, kushoto na kulia, na mishazari ikawa mifupi. Kijiti kikisukumwa ovyo kinateleza chenyewe hadi kwenye mojawapo ya pande nne. Mjomba akakaa tena. Kona ya kwanza, ya pili, akaingia upande wa kushoto na kutokea kulia kupitia lile handaki la katikati huku kizuka chekundu kikiwa mgongoni mwake. "Enhe," akasema, na hakusema lingine mpaka Pac-Man wake alipokamatwa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mita inathibitisha kwamba umeme umepita. Haiwezi kuthibitisha kwamba mchezo umefika mkononi. Ushahidi pekee niliokuwa nao ulikuwa mkono wa mtu ambaye hakuweza kueleza anachokijua, na ushahidi huo ulikuwa sahihi kuliko vipimo vyangu vyote. Tangu siku hiyo, mteja akiniletea redio na kusema tu kwamba "haisikiki vizuri," sikimbilii kuifungua. Namkalisha, naiwasha, namwomba ainue kidole pale inapomuudhi. Mara nyingi kidole kinainuka mahali ambapo sikio langu halikusikia kitu, na nikipeleka mita hapo, nakuta kitu.

Kuna mchezo mmoja unaolionyesha jambo hili wazi zaidi, Q*bert, uliotolewa na Gottlieb mwaka 1982. Mhusika wake anaruka juu ya piramidi la vitalu, na huruka kwa mshazari tu. Mashine yenyewe ilifungwa kijiti kilichogeuzwa nyuzi 45 ili mkono uende anakokwenda mhusika. Sisi tulipoucheza kwenye sanduku letu hatukugusa mpangilio wowote. Tuliligeuza sanduku zima mezani, likakaa kimshazari, na mchezo ambao kila mtu aliuita mgumu ukaeleweka.

Kisha wakaja watoto wa dada zangu. Hao wamekulia kwenye vibanda vya gemu, wanalipa kwa mechi, na vidole gumba vyao vina kasi ya kutisha. Kijiti cha kushika kwa mkono mzima kiliwashangaza, ila Street Fighter II iliwavuta papo hapo. Ni mchezo wa Capcom wa mwaka 1991 wenye vitufe sita: ngumi tatu na mateke matatu, nyepesi, ya wastani na nzito. Vitufe hivyo sita vilileta taabu hata kwenye mashine halisi. Kiunganishi cha JAMMA, ambacho kumbi za wakati ule zilikitumia kubadilishia bodi za michezo, hakikuwa na nafasi ya vitufe sita kwa kila mchezaji, kwa hiyo Capcom walipitisha mateke kwenye kiunganishi cha pembeni na waya zake. Mafundi wa zamani nao walikaa chini wakiuliza teke zito limepotelea wapi. Swali hilo nimeliuliza pia.

Shida kubwa haikuwa vitufe. Ngumi ya moto ya Ryu, mmoja wa wapiganaji wa mchezo huo, inataka kijiti kiende chini, kipite mshazari wa chini-mbele, kiishie mbele, na ngumi ifuate hapo hapo. Kwa bamba la almasi mshazari umefichwa. Watoto walizungusha kijiti mpaka jasho likawatoka na Ryu akaishia kupiga ngumi ya kawaida. Kilichouokoa mchezo mmoja kiliuua mwingine.

Wapo wanaotafuta mpangilio wa kati, kwa mfano bamba la pembe nane, ili kijiti kimoja kifae kwa michezo yote. Naelewa sababu: sanduku moja ni rahisi. Lakini sikubaliani nao. Pac-Man kwenye bamba hilo inachezeka, na Street Fighter inachezeka, na zote mbili zinakosa makali yake. Tukarudisha mraba kwenye vijiti vyote viwili vya sanduku kubwa. Mjomba akaagiza kijiti cha tatu kupitia jamaa aliyekuwa akirudi nyumbani, na tukaunda sanduku dogo lenye kijiti cha njia nne na kitufe kimoja tu. Kitufe hicho ni cha Donkey Kong, mchezo wa Nintendo wa mwaka 1981 uliobuniwa na Shigeru Miyamoto, ambao nao ni wa njia nne na kitufe cha kuruka. Kupanda ngazi zake kwa kijiti kinachozurura kwenye mishazari ni adhabu.

Kupanga vitufe sita kulinifundisha kuuliza mchezo wenyewe. Bodi nyingi za michezo ya zamani zina ukurasa wa mafundi, uliowekwa kwa ajili ya mwenye ukumbi, na kwenye MAME unaufungua kwa F2. Ndani yake kuna jedwali la kujaribu vitufe: ukibonyeza, mchezo unakuambia umepokea nini. Hapo hakuna tena A wala B wala namba za bodi. Ukibonyeza kitufe cha juu kushoto na mchezo ukajibu ngumi nyepesi, umefika. Emuleta moja ilijibu sawa kwa safu zote mbili. Nyingine, kwa mchezo huo huo, ilipanga vitufe kwa mfuatano wake yenyewe, na marekebisho yake nikayahifadhi kwa mchezo ule peke yake.

Hili nalisisitiza. Ndani ya MAME, ukibonyeza Tab, unapata orodha yenye sehemu mbili za vitufe: mpangilio wa jumla na mpangilio wa mashine hii. RetroArch nayo inaruhusu kuhifadhi kwa mchezo mmoja. Mtu mwenye haraka hubadilisha kwenye jumla kwa ajili ya mchezo mmoja, na kesho yake michezo mingine yote imehama. Mpangilio wa jumla uguse mara moja, mwanzoni kabisa, kisha uuache.

Mengine yalikuwa madogo, ila yalihitaji macho. Bodi mbili za aina moja zina jina moja, na Linux inazipa namba kwa kufuata ipi imeitika mwanzo. Ukiwasha tena, mchezaji wa kwanza anaweza kujikuta upande wa kulia. Dawa yake ni kanuni ndogo inayoifunga kila bodi na tundu lake la USB. Matundu yetu nikayatia rangi ya kucha, jekundu na la bluu. Kwenye RetroPie, Select pamoja na Start hufunga mchezo, na Select ndiyo hiyo hiyo sarafu. Mtoto mwenye pupa anaweka sarafu na kuanza kwa mpigo mmoja, na mchezo wa mwenzake unafungwa katikati. Nilitoboa tundu la kitufe cha tatu nyuma ya sanduku, nikakipa amri hizo za kufunga na kuhifadhi, na ugomvi ukaisha.

Runinga nayo ina neno lake. Michezo hii inachora picha 60 hivi kwa sekunde, kila moja ikikaa milisekunde 16 na kidogo, na runinga ya kisasa inayoremba picha kabla ya kuionyesha inaweza kuchelewesha picha kadhaa. Mjomba aliligundua kabla yangu. Nikaweka runinga kwenye hali ya michezo, na mkono na kioo vikapatana. Na kwa sababu umeme ukikatika kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika, mipangilio yote nimeinakili kwenye flashi. Mafaili ya michezo yenyewe yana wenyewe kisheria, hata pale emuleta inapotolewa bure, na wenye hakimiliki kama Capcom bado wanauza mikusanyo ya michezo yao ya zamani. Anayeipenda kazi yao ni vizuri ainunue.

Juzi Mjomba ameniomba Arkanoid, mchezo wa Taito wa mwaka 1986 wa kupiga matofali kwa mpira. Emuleta inakuruhusu kuuchezea kwa kijiti: kushoto ubao unakwenda kushoto, kulia unakwenda kulia, kwa mwendo ule ule mmoja. Mashine yake halisi ilikuwa na kirungu cha kuzungusha, ambacho ukikigusa taratibu ubao unajongea na ukikizungusha kwa nguvu unaruka kioo kizima. Nimemkatalia kwa kijiti. Tumeagiza kirungu. Bodi yake itajitambulisha kwa kompyuta kama kipanya, si kama joistiki, kwa hiyo ramani iliyobandikwa ndani ya sanduku haitatusaidia kitu, na nitaanza tena kwenye waya nikiwa na mita mkononi.